Plastiki Mbili Katika Boksi Moja

Shemeji yake aliingia dukani kwa kishindo kama kawaida yake, akaipiga kaunta makofi mawili kana kwamba anaamsha mtu.

"Shemeji! Bado unawapikia wavuvi uji?"

"Naupika," alisema Binti Plastiki bila kuinua uso. "Karibu."

Wavuvi wa bwawani walimpa jina hilo kwa sababu ya kazi yake. Nyuma ya duka la zana za uvuvi aliyeyusha plastiki kwenye sufuria ndogo, akaitia rangi na unga wa kumetameta, akaimimina kwenye kalibu ya kuipa umbo, ikatoka chambo bandia laini kama ncha ya sikio. Alikuwa na haya. Mteja akimkazia macho, yeye alitazama mizani. Lakini haya si upole, na wengi hukosea hapo.

Shemeji huyu alikuwa mume wa dada yake. Bwawa zima lilimwita Bwana Mkia, kwa ajili ya chambo kilichompa ubingwa: chembamba, kichwa kinene, mkia mmoja laini usio na madoido. Alijigamba kwamba amekibuni mwenyewe. Uongo mtupu. Kalibu ya chambo kile aliichonga baba yao, kwa tupa, kwenye kipande cha aluminiamu, akiwa ameibana magotini, na binti yake mdogo akilipuliza vumbi lake. Baba alipofariki, kalibu ilitoweka sandukuni kabla machozi hayajakauka. Msimu uliofuata shemeji akaibuka na ubunifu wake. Binti Plastiki aliimeza habari hiyo kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki: haukushuka, haukutoka.

Na sasa maji yalikuwa yamefika shingoni. Kiwanda kimoja cha zana kilikuwa kinamtuma wakala wake kwenye mashindano ya Jumapili. Bwana Mkia akishinda tena, kiwanda kingeichukua kalibu na kutoa vyambo kwa maelfu, jina lake likiwa kwenye kila pakiti. Kalibu ikishaingia kule, ndiyo kwaheri. Na baba atakuwa hakuwahi kuchonga kitu.

"Nipe ndoana pana, zile za kuficha ncha," shemeji alisema. "Mwaka huu magugu yamefunika kona yote ya bwawa kama blanketi."

"Nimeona."

"Samaki wako chini yake, wamelala kama wageni wasiotaka kuondoka."

Hapo hakukosea. Besi, samaki yule mwenye mdomo mpana kama mfuko wa sokoni, jua likipanda hujificha chini ya majani. Ukimtupia chambo chenye miguu mingi na ndoana iliyo wazi, utavua majani mpaka mikono iume. Kinatakiwa chambo chembamba, ncha ya ndoana imezamishwa ndani ya mwili wake, na kipande kizito cha risasi mbele, cha kutoboa lile blanketi. Shemeji aliyajua yote hayo; hakuwa mgeni wa maji. Shida yake ilikuwa moja: mikia yake ilikuwa ya plastiki ya kawaida, na plastiki ya kawaida ikiburuzwa majanini huchanika upesi.

Binti Plastiki akavuta kopo kutoka chini ya kaunta. Akatoa chambo cha zambarau, akakishika huku na huku, akakivuta. Kikarefuka kama mkono wa mtu anayepiga miayo. Akakiachia, kikarudi vilevile, hakina hata mkwaruzo.

Kicheko cha shemeji kikakatika. "Hicho ni nini?"

"Plastiki mpya. Hii haichaniki."

"Niuzie."

"Si vya kuuza. Ni vyangu vya Jumapili."

"Hata mimi, shemeji yako?"

"Hata baba angefufuka, ningemwambia asubiri."

Akaliacha kopo wazi juu ya kaunta, akaenda nyuma kutafuta ndoana. Alijua ziko wapi, ila alizitafuta kwa subira kubwa, akifungua hata droo za kamba. Aliporudi, shemeji alikuwa anapiga mluzi na mkono mmoja u mfukoni. Ndani ya kopo, pale palipojaa zambarau, palikuwa na pengo.

Hakumtilia mkononi. Alimwekea mbele tu. Mwizi hafundishwi njia.

Kuna jambo ambalo mpika plastiki hulijua kwa kuharibikiwa. Plastiki ile ya kuvutika na plastiki ya kawaida hazikai nyumba moja. Kila moja peke yake ni tulivu kabisa. Zilaze pamoja penye joto, zitaanza kulana, na kesho yake utakuta uteute tu, kama kamasi. Yeye mwenyewe aliwahi kupoteza kazi nzima ya wiki namna hiyo, akalia.

"Shemeji," alisema, akifunga ndoana kwenye karatasi, "boksi lako la mashindano unalipeleka chamani lini?"

"Sasa hivi. Kwani vipi?"

Ulimi ulimwasha. Neno moja lingetosha: tenganisha. Akalitafuna, akalimeza, na ajabu, lilikuwa tamu.

"Nauliza tu. Kila la heri."

Chama cha wavuvi kilikuwa na utaratibu wake. Kila mshindani alikabidhi boksi dogo la vyambo siku moja kabla, likafungwa kwa karatasi ya gundi mbele yake, likawekwa kwenye kabati la chuma ndani ya banda la boti. Hiyo ilikuwa dawa ya wale waliokuwa wakiona upepo wa asubuhi, kisha wanakimbilia nyumbani kubadilisha vyambo. Ukishachagua, umechagua. Na banda lile lilikuwa la mabati juu, mabati ubavuni. Mchana wa Jumamosi ungeweza kukausha nguo ndani yake.

Jumapili alfajiri washindani walisimama kuzunguka meza. Wakala wa kiwanda alikuwepo na kamera shingoni. Dada mtu alikuwepo pia, amevaa vizuri kama mke wa bingwa anavyopaswa kuvaa, na alimpungia mdogo wake mkono. Mdogo wake akatazama viatu vyake.

Katibu wa chama alichana karatasi za maboksi moja moja, akionyesha vyambo hadharani. Alipofungua la Bwana Mkia, alirudisha kichwa nyuma.

"Bingwa, hiki ni kifungua kinywa chako?"

Ndani hamkuwa na mkia hata mmoja. Kulikuwa na ute mweupe uliochanganyika na zambarau, umenata kwenye ndoana na kwenye mfuniko, ukivutika kama ulimi.

Mzee Konokono, mvuvi anayepiga kasia kana kwamba anaogopa kuyaumiza maji, akachungulia. "Nyeupe ni yake. Hii zambarau nimeiona mahali."

Kila mtu alikuwa ameiona mahali. Boksi la Binti Plastiki lilikuwa pale pale mezani, limefunguliwa, na vyambo vyake vya zambarau vimejipanga ndani, vizima.

"Alikuuzia?" katibu akamuuliza Bwana Mkia.

"Yeye... tulielewana."

"Mimi sikumuuzia," alisema Binti Plastiki. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilifika mpaka mlangoni.

Sheria iliruhusu mtu aliyekosa chambo aombe kwa mshindani mwenzake, mradi aombe kwa sauti, na aliyeombwa ndiye anayeweka sharti. Kwa kawaida sharti lilikuwa mzaha: wika kama jogoo, cheza bila muziki. Bwana Mkia akamgeukia mtu wa kwanza, akapewa mgongo. Akamgeukia Mzee Konokono.

"Kaombe ulikochukua, mwanangu," mzee akamwambia. "Njia si unaijua?"

Jasho likamtoka kipaji cha uso. Akamtazama wakala. Akamtazama mkewe. Mwishowe akaja.

"Shemeji. Naomba chambo."

Kwa miaka yote Binti Plastiki alikuwa amelifanyia mazoezi neno hili mbele ya sufuria, na sasa lilikuja lenyewe.

"Waambie kalibu ya mkia ni ya nani."

"Ah, shemeji, mambo ya nyumbani..."

"Umeomba. Nimeweka sharti."

"Sharti ni sharti!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

Wakala alishusha kamera. Bwana Mkia alilamba midomo. "Ya baba mkwe," alisema.

"Na aliyekibuni chambo?"

"Yeye."

"Na wewe uliipataje?"

Kwa kitambo kidogo aliangalia upande wa mkewe, kama mtu anayeuliza kitu. Kisha akainamisha kichwa.

"Niliichukua."

Dada mtu akaziba mdomo kwa mkono. Wakala akarudisha kifuniko cha kamera yake, taratibu, akaenda kuegemea gari lake.

Binti Plastiki akatia mkono kwenye boksi. Pembeni alikuwa na chambo cha ziada cha plastiki ile ile, cha maji yasiyo na majani: kina miguu kumi na kitu, mapembe, ndevu, na ndoana iliyo wazi kama mdomo wa mbea. Akamwekea kiganjani.

"Lakini hiki..." shemeji alinong'ona. "Kule kuna majani."

"Uliomba chambo. Hukusema chambo gani."

Asubuhi nzima bwawa lilicheka. Kila alipotupa, alivuta tita la magugu linalochuruzika maji. Akilinasua, linanasa tena. "Bwana Mkia anavuna lishe ya ng'ombe!" Mzee Konokono alipaza sauti kutoka kwenye boti yake, na ndiye aliyeshinda siku ile, kwa besi mzito aliyetoka chini ya blanketi akiwa na hasira za mtu aliyeamshwa. Binti Plastiki alipata samaki wa wastani. Hakujali. Alikuwa amekaa kwenye boti, kasia magotini, akimtazama shemeji yake akibandua majani kwenye ndoana, na alitazama kila jani.

Jioni dada yake alikuja dukani peke yake. Hakuketi. Alitoa kitu kilichoviringishwa kwenye kanga, akakitua juu ya kaunta kwa mlio mzito. Kalibu.

"Chukua."

"Asante, dada."

"Usinishukuru. Hakuiba." Macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi ndiye niliyempa. Nilifungua sanduku la baba nikampa mume wangu, awe na kitu cha kumkumbukia. Leo angeweza kunitaja mbele ya watu wote wale. Hakunitaja."

Plastiki ilikuwa inatokota kwenye sufuria. Binti Plastiki alipunguza moto kwanza. Alihisi ule mwiba shingoni ukigeuka, ukichoma upande mwingine.

"Na jina la baba," aliuliza, "hilo nalo ulimpa?"

Dada mtu akaivuta kanga kutoka chini ya kalibu.

"Na vyambo vyangu kwenye kopo, ulimpa wewe?"

"Ni baba wa watoto wangu!"

"Na aliyechonga ni baba yako."

Walitazamana juu ya kaunta. Wana sura moja, kila mtu husema hivyo, hasa wakikasirika.

"Kwangu usikanyage," dada akasema. "Mpaka nitakapokuita."

"Utaniita?"

Dada alikuwa ameshageuka. Mlango ulipojifunga, kengele yake iliendelea kutikisika peke yake.

Binti Plastiki aliifungua kalibu. Ilikuwa safi, mtu aliitunza, hilo hakuweza kulikana, na lilimuudhi. Akaipaka mafuta, akaibana, akamimina zambarau mpaka ikajaa. Ilipopoa akatoa mkia wa kwanza, akautikisa. Ulicheza kama ulivyokuwa ukicheza mkononi mwa baba.

Alilia kidogo, kwa ajili ya dada. Kisha akajifuta kwa kiwiko, akakata uzi, akautundika ule mkia kwenye kioo cha dirisha, upande wa barabara ambayo shemeji hana nyingine ya kupitia akienda bwawani. Akasogea nyuma kuutazama. Ulikuwa juu mno. Akaushusha mpaka ukalingana na macho ya mwanamume mrefu anayetembea ameinama.