Msoma Upepo wa Roda

Darubini mbili zilikuwa juu ya meza ya Inspekta Kipruto, na kambi nzima ilishajua Phanuel Andati angechukua ipi. Miaka miwili mtu huyo alikuwa amewachosha wenzake kwa wimbo mmoja: darubini ya miguu mitatu, ile ya kutazamia kwa jicho moja, inayolivuta bamba la shabaha la mbali mpaka unaona rangi iliyobanduka. Askari walikuwa wameibatiza Chongo kabla hata haijafika. Ya pili ilikuwa ya macho mawili, ya kuning'iniza shingoni, na hiyo waliiita Pacha. Moja ingebaki Kakamega, nyingine ingekwenda kwa timu ya Bungoma. Phanuel ndiye aliyepewa nafasi ya kuchagua kwanza, kwa kuwa yeye na mkewe Roda walishika nafasi ya pili katika mashindano ya kulenga shabaha ya mwaka uliotangulia, 1995.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya wawili wawili. Mmoja hulala kifudifudi na bunduki, mwenzake huketi kando yake na darubini, akisoma upepo na kumwambia aelekeze wapi na kwa alama ngapi. Bamba la chuma huning'inizwa mita mia sita mbele, na risasi ikienda mbali hivyo, hata kaupepo ka kupepea moto huisukuma pembeni. Mpigaji habishani na msoma upepo. Hurudia alichoambiwa kwa sauti, ili ijulikane amesikia, kisha hufyatua. Roda alikuwa mpigaji, Phanuel msoma upepo, na watu waliowaona nyumbani wakipitisha siku nzima kwa maneno machache walishangaa kuwaona uwanjani wakielewana kama chungu na kifuniko.

"Andati, chukua kitu yako tumalize," Kipruto alisema. "Watu ya Bungoma iko njiani."

Phanuel akainama kwenye Chongo. Nje ya dirisha, ng'ambo ya bonde, Kipruto alikuwa ameagiza bamba litundikwe ili wajaribie. Aliweka jicho la kulia, akaona giza. Akaweka la kushoto kama mtu anayefanya utani, akaona weupe mtupu, kama maji yaliyooshewa mchele. Akazungusha kile kijigurudumu cha kusafishia picha huku na huku. Weupe ukabaki palepale.

Akachukua Pacha. Hapo, macho yote mawili yakisaidiana kwa yale machache yaliyosalia, aliona kitu kama mti na kitu kama kilima.

"Mimi nitachukua hii ya macho mbili, afande," alisema.

Kipruto alicheka, akidhani ni mzaha. "Wewe? Si ulikuwa unaimbanga Chongo hata ukilala?"

"Chongo inaonanga mbali, lakini inaonanga padogo. Sasa mabamba iko kila mahali, hii iko kwa mti, hii iko kwa mawe. Nikianza kutafuta na hiyo, saa imeisha. Halafu ukifinya jicho moja siku mzima, kichwa inauma. Hii mtu anatulia, anaona hata vumbi pahali risasi imeanguka."

Yote hayo yalikuwa kweli, na ndiyo maana uongo wake ulisimama wima. Alichokiruka ni kwamba Chongo pekee ndiyo inayoonyesha vizuri ule mvuke wa joto unaochezacheza juu ya ardhi ukifuata upepo, na msoma upepo anayeuacha huo mvuke ni sawa na mvuvi anayeacha ndoano nyumbani. Kipruto alilijua hilo. Roda alilijua zaidi. Alikuwa amesimama nyuma ya mumewe.

"Haya, Baba Mitchel," Roda akasema. "Wewe ndio macho. Mimi ni kidole tu."

Phanuel alishusha pumzi. Alitoka mle ofisini akijiona mjanja, maskini wa Mungu.

Alikuwa ameficha jambo tangu Januari. Daktari wa macho aliyekuwa akija mjini mara mojamoja alimmulika na taa ndogo, kisha akamwambia kwamba sukari imeharibu jicho kwa nyuma. La kulia limekwenda. La kushoto watajaribu, lakini asitegemee sana. Phanuel alicheka palepale, kicheko kisicho na furaha. Yeye mtoto wa Butali, mwana wa mkata miwa, aliyekua akitafuna miwa tangu meno yaote, na sasa sukari imemgeukia! Nyumbani alisema ameacha sukari kwenye chai kwa sababu ya jino. Majirani wakamtania wiki nzima. Alisahau Waswahili walivyosema kwamba mficha maradhi, kilio humuumbua.

Wala hakuwa anaogopa giza lenyewe. Aliogopa Koplo Griffin. Griffin, kijana wa Khwisero mwenye macho ya mwewe na adabu nyingi, ndiye aliyekuwa akisubiri nafasi. Siku Kipruto angejua, Phanuel angepelekwa kukaa stoo kuhesabu mablanketi, na Griffin angeketi kando ya Roda, akimnong'oneza upepo sikioni. Phanuel hakuwa na wivu wa kijinga. Alimjua mkewe. Lakini mahali pale, upande wa kushoto wa bega la Roda, ndipo pekee duniani alipokuwa mtu wa maana. Shamba hakuwa nalo, cheo kilimpita, na maneno matamu hakuyajua. Upepo tu ndio aliojaliwa kuujua, na mwanamke mmoja aliyemwamini.

Basi wakaanza mazoezi kwenye renji ya zamani ya kulengea shabaha iliyokuwa ng'ambo ya Shirere, mabamba yakiwa upande wa pili wa bonde na miwa ikiwa imejaa katikati. Phanuel alikuwa na kipaji chake. Tangu utoto aliusoma upepo kwa miwa: maua yakiinama yanasema hivi, majani yakigeuza tumbo yanasema vile. Sasa maua hakuyaona tena, kwa hiyo akasikiliza. Miwa ikisuguana upande wa mto hutoa sauti nyembamba. Ikisuguana upande wa barabara, sauti nzito. Aliuhisi upepo shavuni na kwenye nywele za mkono. Pale aliposhindwa kabisa, alibuni.

"Kushoto, alama moja."

"Kushoto moja," Roda alirudia, akafyatua.

Kisha wakangoja, kwa maana sauti ya chuma huchelewa. Ngaa! Bamba likalia.

Likalia tena kesho yake, na wiki iliyofuata. Phanuel alimshukuru Mungu kanisani kwa machozi, akasadiki kwamba uzoefu wa miaka umempa macho mengine. Kipruto mwenyewe alikiri kwamba kumbe Pacha si mbaya. Binadamu akitaka kudanganyika, hahitaji msaada mkubwa.

Hakujiuliza kwa nini ndoo ya maji ilikuwa haiachwi tena mlangoni. Hakujiuliza kwa nini Roda, ambaye zamani aliweka kikombe popote na kwenda zake, sasa alimwekea chai mkononi kabisa, na obusuma, ule ugali wa kwao, ikawa mbele yake daima upande uleule wa sahani, na mboga upande mwingine. Alidhani mkewe amekuwa mpole kwa kuwa mashindano yanakaribia.

Asubuhi ya mashindano ndipo alipozinduka. Walikuwa wakitembea kwenye renji ileile kuelekea mahali pa kulalia na bunduki, wapigaji wa mkoa mzima wamejaa, na Roda akasema kama mtu anayezungumzia hali ya hewa tu:

"Miwa ya upande wa mto leo imelalia barabara, sivyo? Na ile bendera nyekundu imejikunjakunja."

"Ndiyo," Phanuel alijibu. "Nimeiona."

Alipiga hatua kadhaa, kisha moyo ukamshuka. Mpigaji hamwambii msoma upepo mambo kama hayo. Miaka yote ile Roda hakuwahi kumwambia bendera imefanya nini. Akakumbuka jana: "Kumetulia sana pale kwa mawe, ama?" Akakumbuka juzi. Akakumbuka ndoo, kikombe, sahani. Akajaribu kujiambia kwamba ni maneno tu ya mke na mume, lakini shaka ikishaingia, haitoki kwa kuambiwa.

Walipiga vizuri. Bamba baada ya bamba, alisema, Roda akarudia, chuma kikalia. Kadiri watu walivyoshangilia ndivyo Phanuel alivyozidi kuumia, kwa sababu kila chuma kilipolia hakujua kimelilia nani. Mwisho zikabaki jozi mbili, Kakamega na Bungoma, zimelingana. Bungoma, pamoja na Chongo yao, wakakosa bamba la mwisho. Sasa Roda alikuwa na risasi moja. Akipata, kombe ni lao, jambo ambalo hakuna jozi ya Kakamega iliyowahi kulifanya.

Phanuel aliinua Pacha usoni. Hakuona hata mti. Lakini safari hii hakuhitaji kuona. Mtu fulani alikuwa amechoma shamba la miwa mkono wa kushoto, na moshi wenye harufu tamu ulikuwa ukimjia moja kwa moja. Upepo ulimpiga shavu la kushoto, mkavu, wenye nguvu, usiobadilika. Hata mtoto angejua. Risasi ingesukumwa kulia, kwa hiyo mpigaji aelekeze kushoto. Hakuwahi kuwa na hakika hivyo tangu Januari.

Angeweza kusema kushoto. Wangeshinda, wangerudi nyumbani, na angeishi bila kujua. Pengine mtu mwenye busara angefanya hivyo. Lakini Phanuel alitaka kujua kuliko alivyotaka kombe. Kama Roda bado anamsikiliza, basi wakose. Wakose mbele ya mkoa mzima, acheke atakayecheka, yeye atakuwa bado ni macho yake.

"Kulia," alisema. "Alama mbili."

Akamwomba Mungu ombi ambalo hajawahi kusikia mtu akiomba kanisani: kwamba mkewe akose.

"Kulia mbili," Roda alirudia. Sauti yake haikutikisika hata kidogo.

Bunduki ikalia. Phanuel akangoja, na katika kule kungoja akajikuta ameshika majani kwa mkono, akiyang'oa. Upepo ukavuma. Bonde likanyamaza.

Ngaa!

Watu waliruka. Kipruto alipiga ukelele wa kwao, Griffin akatupa kofia juu. Roda akaiacha bunduki, akamgeukia mumewe na kumkumbatia palepale chini, vumbi na jasho, akamwambia sikioni:

"Umesoma vizuri, Baba Mitchel."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka. Watu waliokuwa mbali walidhani ni ya furaha.

"Upepo ulikuwa wa kushoto, Mama Mitchel," alisema. "Nilikuambia kinyume. Nilifanya makusudi."

Phanuel alihisi mikono ya mkewe ikilegea mgongoni mwake, kisha ikikaza tena kwa nguvu zaidi.

"Umejua kutoka lini?"

"Wachana na hiyo maneno. Watu wanakuja."

"Kutoka lini, Roda?" Hakuzoea kumwita kwa jina lake. Hata siku ya arusi hakumwita hivyo.

"Kabla ya zile darubini," alisema taratibu. "Ulisalimia kabati ya jirani, Mama Pascalia, ukifikiri ni yeye. Nilicheka, halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia."

Kumbe siku ile mezani kwa Kipruto Roda alikuwa anajua. Alisimama nyuma yake, akamsikia akijenga uongo wake tofali kwa tofali, akaiacha Chongo iende Bungoma. Alichagua kusoma upepo peke yake, kwa jicho lilelile la kupigia, mradi mumewe asiondolewe ubavuni pake. Phanuel aliyaelewa yote kwa mara moja, na upendo ule ulimchoma kuliko dharau yoyote.

"Ungenisikiliza," alisema. "Siku moja tu. Tungekosa pamoja."

"Na mimi nilitaka tupate pamoja." Roda naye alikuwa analia sasa. "Nilifikiri hautawahi kujua. Nilisema, akae tu hapa, aongee tu. Mimi nikisikia sauti yako mkono hainitetemeki. Hiyo si uongo, Baba Mitchel. Hiyo moja si uongo."

Labda haikuwa uongo. Lakini mtu aliyekuwa akiaminiwa hawezi kushiba kwa kuhurumiwa, hata mikono inayomhurumia ikiwa ndiyo anayoipenda. Alijifuta uso kwa mkono wa shati. Alijua kwamba jioni hiyohiyo atakwenda kwa Kipruto mwenyewe, na kwamba mwaka ujao sauti sikioni mwa Roda itakuwa ya Griffin, na kwamba hatakuja kutazama.

Kipruto akafika na kombe, akamtia mkononi, akimpigapiga begani. "Macho kama yako, Andati, hata sijui umetoa wapi!"

Wakapangwa wasimame mbele ya mpiga picha. Roda alisimama kulia kwake, bunduki begani, Griffin na wengine nyuma, wakisukumana kwa vicheko.

"Angalieni hapa!" mpiga picha aliita. "Wewe mwenye kombe, hapa, hapa!"

Phanuel akageuza uso upande aliodhani sauti imetokea katikati ya vile vicheko, akatabasamu, akashika kombe vizuri. "Hapa, mzee," yule mtu alirudia, na vicheko vya nyuma vikaanza kupungua, kimoja baada ya kingine. Roda akanyoosha mkono mbele ya watu wote, akamshika mumewe kidevu, akamgeuza taratibu upande wa pili.