Mshenga wa Shaba

Mwalimu wa masomo ya jioni alipoandika ubaoni neno "kichocheo", mshonaji alikunja uso. Nyumbani kwake uchochezi ulikuwa dhambi, na wanawe walichapwa kwa ajili yake.

Mwalimu, kijana mpole aliyeweza kuwa mwanawe, alicheka, akamtolea mfano. Ile hewa ya sumu itokayo kwenye moshi wa injini na jiko la mkaa, isiyo na rangi wala harufu, ikiungana na oksijeni inageuka kuwa hewa kama tunayoitoa puani. Lakini bila joto kali haziungani. "Kichocheo, kama chembe hizi za shaba, ni mshenga," alisema. "Anawakutanisha wawili kwake, ndoa inafungwa bila moto mkubwa, na yeye anabaki vilevile alivyokuwa."

Somo hilo mshonaji alilielewa kuliko yote. Alikuwa ameshaunganisha nyumba nyingi, na ni moja tu iliyovunjika.

Kuelewa ni kitu kimoja, jaribio ni kingine. Kila mwanafunzi alitakiwa atengeneze chembe zake, azijaze kwenye mrija wa kioo, kisha apitishe humo hewa yenye sumu kidogo, ndani ya kabati la kuvutia moshi. Namba kwenye kipimo cha sumu upande wa pili ikishuka hadi sifuri, umefaulu. Asiyefaulu haendi mwaka wa pili. Mshonaji aliacha shule akiwa msichana ili alee wadogo zake, na sasa nywele zimeingia mvi. Kurudia mwaka kungemvunja moyo, naye alijua hivyo.

Alishashindwa mara mbili. Mara ya kwanza alishika mrija, akausogeza midomoni, akanong'ona dua fupi, na namba ikashuka nusu. Mara ya pili akaomba kwa kirefu, na namba ikagoma kabisa. Jioni hii ilikuwa nafasi ya mwisho.

Kilichomuuma zaidi ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi magari aliyejiandikisha ili tu amsindikize. Yeye alifaulu mara ya kwanza.

"Na wala sikuomba, shemeji," alimwambia. "Nilikoroga tu, nikapiga miayo."

"Ndiyo maana inaniuma."

"Labda Mungu ameona mimi ndiye mwenye shida zaidi."

"Hapo umesema kweli."

Mshonaji alichomoa kizibo, akainua mrija, akaomba kwa unyenyekevu kama alivyokuwa akiwaombea wanawe wakiugua, mdomo karibu kabisa na kioo. Aliomba hadi fundi akaketi. Alipomaliza, akavua miwani ili aifute aweze kusoma kipimo. Akaipulizia pumzi. Vioo vikafanya ukungu.

Akabaki ameishika hivyo. Kisha akautazama mrija. Mdomoni mwa mrija, ndani ya kioo, kulikuwa na ukungu uleule.

"Mwalimu," aliita taratibu, "mshenga akifikiwa na wageni wengine kabla ya maharusi, inakuwaje?"

"Wageni gani, mama?"

"Maji."

"Wanajaza viti vyote. Kwenye joto kali wangeondoka wenyewe, lakini kwa joto la chumba hiki wanang'ang'ania. Nililisema hilo juma la kwanza, nyinyi wawili mkibishana habari za cherehani."

"Basi naomba nizirudishe kwenye tanuri."

Mwalimu alitazama saa, akakubali. Chembe zilikaushwa, zikapozwa zikiwa zimefunikwa. Safari hii mshonaji aliuweka mrija mezani na kizibo chake, akaupa mgongo, akaomba akielekea dirishani.

"Sasa unaongea na dirisha?" fundi aliuliza.

"Naongea na Mungu. Chembe si lazima zisikie."

Aliufunga mrija mahali pake, mwalimu akafungua hewa. Namba ikasimama kidogo, ikaanza kuteremka kama mtu anayeshuka ngazi gizani, kwa tahadhari, kisha kwa haraka. Ikafika sifuri, ikakaa hapo. Mshonaji alishika ukingo wa meza, na midomo yake ikaenda bila sauti.

Ilibaki ripoti, iliyotaka aeleze kwa nini majaribio mawili yalishindwa.

"Andika dua ilizidi," fundi alishauri.

"Dua haina kosa. Pumzi ndiyo yenye maji."

Akaandika: mvuke wa pumzi ya mfanya jaribio. Mwalimu alisoma, akatabasamu, akatia sahihi. "Mwaka wa pili tutaonana, mama."

Fundi alijikuna shingo. "Shemeji, kesho kuna mtihani wa hesabu. Niombee na mimi."

"Nitakuombea," alisema mshonaji, akivaa miwani yake. "Ila wewe sogea hapa karibu. Wewe si shaba."