Kamba Tumboni mwa Dominika

Mwaka 1975 nilikuwa tabibu wa kituo cha afya katika kijiji kimoja cha ujamaa, njia ya kwenda Muze. Nilitoka Mbeya na cheti changu, basi nikajiona Ufipa nzima imekuja kujifunza kwangu.

Dominika alijifungua salama. Siku ya nne akashikwa na homa ya kutetemeka. Nikampa klorokwini, nikamchoma penisilini, nikaongeza kloramfenikoli. Siku ya tisa homa bado inapanda na kushuka, na binti wa watu anakwisha tukimwangalia.

Aliyemuuguza ni mama yake, Kristiana. Asubuhi hiyo nilimkuta ameweka vidole kwenye tumbo la mwanawe, upande wa kulia, chini.

"Bwana mganga, hapa kuna kamba. Njoo ushike."

"Mama, kamba ziko shingoni mwa mbuzi, si tumboni mwa mtu."

Wodi nzima ikacheka. Haikunitosha. Nikamshutumu kwamba anamnywesha mwanawe mitishamba, ndiyo maana dawa zangu hazifanyi kazi, nikakipekua kikapu chake mbele za watu. Nilikuta vitambaa vya mtoto na unga wa ulezi. Hata hivyo nikamtoa nje, akawa anashinda chini ya dirisha.

Wanasema mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba niliudharau mimi, mguu ukawa wa Dominika. Siku mbili baadaye, niliposikia Dakta Yunusu wa mjini Sumbawanga anakuja kukagua, niliingia wodini kwa hofu nikashika palepale. Kamba ilikuwepo, nene kama kidole, na Dominika alilia nilipoigusa.

Nikamwonyesha daktari. Naye akashika.

"Huu ni mshipa," akasema. "Damu imeganda ndani, na vijidudu vimejaa humo. Dawa za vijidudu pekee haziwezi. Tumwongezee heparini damu isizidi kuganda. Homa ikishuka, tutajua ndivyo."

Landrova ikatumwa mjini kufuata dawa. Siku ya tatu ya sindano homa ikashuka, Dominika akaomba uji. Daktari aliporudi kumwona, Kristiana alikuwa amesharuhusiwa kuingia, amesimama kando ya kitanda.

"Wengi wangemzika huyu," alisema daktari. "Nani aliigundua hii kamba?"

"Mimi," nikasema.

"Kweli, mama? Basi huyu kijana anajua kushika mgonjwa."

Kristiana akanitazama. Nilisubiri aniumbue. Lakini Dominika alikuwa bado na siku kumi za sindano, na mchoma sindano ni mimi.

"Ndiyo, daktari," akajibu. "Ni yeye."

Kesho yake niliingia na bomba la sindano mkononi. Mama yule, mkubwa kuliko mama yangu mzazi, akapiga goti, akaniamkia shikamoo. Nami nikaitikia marahaba.