Kisanduku chenye Alama ya Ndoano

Hadjara alikuwa uani akipepeta mchele wa pilau, na mbuzi wa harusi amefungwa kwenye nguzo ya jiko, watu wa Tume ya mawasiliano walipoingia bila hodi. Walikuwa wawili: chef Dismasi, yaani mkubwa wao, mwenye kofia mpya na viatu vya zamani, na mwenzake aliyebeba gunia.

"Amahoro, mama. Kisanduku iko wapi?"

Hakuna aliyeuliza kisanduku gani. Tangu tangazo liliposomwa redioni, Rumonge nzima, kutoka sokoni hadi bandarini, neno hilo lilibaki na maana moja: ruta, ile mashine ya kuleta intaneti nyumbani. Leta, yaani serikali, ilikuwa imekataza ruta zote zilizotengenezwa nje. Na kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuona iliyotengenezwa ndani, kila mwenye nayo alielewa kwamba anaambiwa yeye. Huko Gatete, wanasema, kuna babu aliyeogopa mpaka akazika pasi ya umeme.

"Chef, nakuomba, njoo kesho," Hadjara alisema. "Leo alasiri namuoza mutoto. Baba yake atasema kwa hiyo mashine."

"Sheria haina harusi, mama."

Dismasi aliingia sebuleni na viatu vyake. Kisanduku kilikaa juu ya kabati, kimefunikwa kitambaa cheupe ambacho Kaoutar, bibi harusi mwenyewe, alikifuma kwa mkono. Chef alikiondoa kitambaa kwa vidole viwili, kama anayefunua uso wa maiti.

"Hizi za nje zinasikiliza," alisema. "Mnachosema chumbani, kule kwao wanakisikia chote."

Jirani yao Agata, aliyekuwa akigeuza ndagala, dagaa wa ziwa, juani upande wa pili wa uzio, alisimama. "Mana yanje! Kwa hiyo wamesikia namna mume wangu anakoroma? Maskini hao watu, wanalala saa ngapi?"

Mbeba gunia alicheka. Dismasi alimtazama, kicheko kikakatika. Kisanduku kikaingia guniani juu ya vingine, waya ukining'inia nje kama mkia.

Sasa, mtu atauliza: kwa nini wasingoje wiki nyingine? Wasingeweza. Amissi, mume wa Hadjara, alikuwa Mpulungu, kule Zambia ziwa linakoishia, akivua kwa taa. Wavuvi wa taa hupumzika mwezi unapokuwa mpevu, maana ndagala hawaifuati taa ya mtu mbingu ikiwa imewasha ya kwake. Siku hizo chache ndipo Amissi huja Mpulungu mjini, penye mtandao. Hii ilikuwa siku ya mwisho. Kesho angerudi kambini, na kambini simu ni ya kuangalia saa tu. Intaneti ya simu hapa Rumonge nayo ilikuwa ya kungoja kama petroli: ikija, inakuja vitone. Na Amissi alikuwa amekataa kumwachia mtu mwingine neno lake. "Mutoto ni huyu mumoja," alisema. "Nitamuoza kwa mdomo wangu." Sheikh Faridi alikubali, ila kwa sharti: auone uso, aisikie sauti, na isikatike.

Hadjara alifunga kitenge akaenda kwenye ghala la Tume. Hapo zamani lilihifadhi mawese, na mpaka leo ukikanyaga sakafu yake unateleza. Foleni ilifika barabarani. Dirishani, nani kakaa? Dismasi yuleyule. Asubuhi alikuwa wa kuchukua, mchana amekuwa wa kuuza. Nyuma yake vilipangwa visanduku vya taifa, kila kimoja na stika yenye rangi za bendera: KIMETENGENEZWA NCHINI.

"Chef," mzee mmoja wa mbele aliuliza, "hicho kiwanda iko wapi? Nina watoto wawili wanatafuta kazi."

"Ni siri ya Leta."

"Kiwanda na moshi wake wote, siri?"

"Hicho hakitoi moshi."

Watu waliangalia chini. Hadjara alifika dirishani, akasikia bei. Alihesabu moyoni kila alichokuwa nacho nyumbani, hakikutosha. Kisha akamkumbuka mbuzi.

Karoli, mchinjaji wa sokoni, alimkagua mnyama yule kama anayemtafutia kosa, akampandisha na kumshusha, akatoa bei ya mtu anayejua kwamba mwenzake ana haraka. Hadjara hakubishana. Mbuzi alilia mara moja. Yeye hakugeuka.

"Basi pilau ni ya nini?" Agata aliuliza alipomwona anarudi na kisanduku badala ya kamba.

"Ya ndagala."

"Pilau ya ndagala! Harusini!" Agata alishika kiuno. Kisha, bila kusema tena, akajaza sahani kubwa kutoka kwenye ndagala zake mwenyewe, akaipitisha juu ya uzio.

Ndani, Kaoutar alikuwa amekaa mkekani na hina mbichi mikononi, vidole vimetawanywa, haruhusiwi kushika hata kijiko. Simu yake ilikuwa mbele yake. Hadjara alikiweka kisanduku juu ya kabati, akachomeka waya. Taa ya kijani ikawaka. Na mara hiyohiyo simu ikaanza kulia: ujumbe, ujumbe, ujumbe, wote wa baba yake wa tangu asubuhi, ukishuka kama mvua juu ya bati.

"Mama," Kaoutar alisema taratibu. "Sijaigusa. Code ya mashine mupya hatujaandika."

"Nani kaandika?"

"Hakuna mutu. Imejua code yetu. Mtandao iko na jina letu."

Hadjara alikishusha kisanduku, akakigeuza. Chini yake, kwenye plastiki nyeusi, palikuwa na alama iliyochomwa: ndoano moja na nukta mbili. Alama ya Amissi. Kila mvuvi wa taa ana yake; huchoma kwa msumari wa moto kwenye taa, kwenye kasia, kwenye sahani, ili mitumbwi ikifika ufukweni pamoja mali zisichanganyike. Amissi alikuwa amechoma mpaka kichwa cha kitanda. Kisanduku hiki alikinunua Mpulungu, akakitia alama kabla ya kukifunga ndani ya nguo alizorudi nazo nyumbani.

Hadjara alikaa chini palepale. Alikaa juu ya ungo wa mchele, ulioingizwa ndani, na hakujua. Alibaki anaipapasa ile ndoano kwa kidole gumba, huku na huku, kama anayesubiri ifutike.

"Tumenunua cha kwetu," alisema mwishowe. "Kaoutar, tumemuuza mbuzi, tumenunua cha kwetu."

Baada ya alasiri watu walijaa sebuleni. Anwari, bwana harusi, alivaa kanzu mpya na alitoka jasho kama aliyebeba magunia. Simu iliegemezwa kwenye chupa ya chai, na ndani yake Amissi alionekana vizuri, amevaa koti la kuazima, nyuma yake friji ya soda ya watu wa Mpulungu. Sheikh Faridi alimwona, akamsikia, akaridhika. Alikuwa ndiyo kwanza amekunjua mkono aushike wa Anwari, mlango ukafunguliwa.

"Msiogope," alisema Dismasi. "Ni kontroli tu. Tunaangalia kama stika zimekaa vizuri."

Alikwenda moja kwa moja kabatini. Aliisoma stika, akatikisa kichwa kwa furaha, akageuza kisanduku watu wote waone.

"Mnaona? Nyinyi ndio mnasema hakuna kiwanda. Hata muhuri wake huu hapa, umechomwa!"

Hadjara alifumba macho. Kutoka kwenye simu ikaja sauti ya Amissi, mbali lakini safi.

"Chef, samahani. Huo muhuri ni wa nani?"

"Wa kiwanda cha Leta, papa."

"Basi mimi ndiye kiwanda. Nimeuchoma mwenyewe kwa musumari. Hadjara, muonyeshe kasia iko nyuma ya mlango."

Watu walitazama kasia lililosimama nyuma ya mlango, na ndoano yake, na nukta zake mbili. Wakatazama kisanduku. Mama mmoja alitoka mbio bila viatu, akaenda kugeuza cha kwake. Dismasi alikuwa amesimama na kisanduku mikononi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekanyaga sakafu ya ghala lake mwenyewe. Lakini kofia ilimkumbusha yeye ni nani.

"Sawa," alisema polepole. "Tuelewane. Kama hii ni yenu, basi imetoka nje, na mimi ninaibeba sasa hivi. Kama ni ya Leta, inabaki, na harusi inaendelea. Mama, ni ya nani?"

Alishika waya tayari kuuchomoa. Kwenye simu, Amissi alifungua mdomo, akamwona bintiye na mikono yake ya hina, akaufunga.

Sheikh Faridi alitazama mkeka. Mkono wa Anwari ulikuwa bado uko hewani.

"Ni ya Leta," alisema Hadjara.

"Sijasikia."

"Ni ya Leta, chef. Sisi hatuijui."

"Papa?"

Amissi alijipangusa midomo. "Mumesikia mama."

Dismasi alikirudisha kisanduku juu ya kabati, akakifunika na kitambaa kwa heshima zote, akajitafutia nafasi karibu na sinia. Sheikh alisafisha koo. Alisoma aliyoyasoma, kisha akaisogelea simu.

"Amissi. Huyu Kaoutar ni binti yako?"

Ni swali la desturi, na jibu lake ni la neno moja. Amissi aliisogeza simu yake mpaka uso ukajaa kioo.

"Huyu ni wangu," alisema. "Chef yuko hapo? Asikie. Huyu ni wangu, na kama kuna mutu anataka kumubandika stika, aseme sasa."

Chef alitazama sinia. Amissi akamuoza, neno kwa neno, bila kukatika. Anwari akakubali kwa sauti iliyopasuka, na vigelegele vya Agata vikafika bandarini.

Masinia yakaletwa. Dismasi alinawa, akakunja mikono ya shati, akaingiza vidole kwenye pilau. Alichimba upande huu, akachimba upande ule. Akainua ndagala mmoja mdogo kwa mkia, macho ya samaki yote mawili yakiwa wazi.

"Mama Kaoutar, harusi bila nyama? Nyama iko wapi?"

Hadjara alikuwa akimimina chai. Hakuacha kumimina. Alinyoosha kidevu kuelekea kabatini.

"Ile pale, chef. Iko na stika."