Uji Usio na Ziwa Ndani Yake

"Haki ya Mungu, na kama nasema uongo ulimi wangu ukauke leo hii hapa Migosi: kila neno ni kweli," Mzee Dalmas alisema, akiweka bakuli la uji mbele ya binti yake. "Soya hii imetoka kwa mzee mmoja wa Bungoma. Jogoo wake alidonoa punje mbili tu, akambeba mbwa mgongoni, akamvusha mto Nzoia. Nimeona kwa macho yangu."

Adero hakucheka. Lakini alichukua kijiko, na hilo ndilo Mzee alilokuwa akilitaka.

Miezi minane ilikuwa imepita tangu boti ya Odongo, mtoto wa pekee wa Adero, ipinduke ziwani mbele ya Usenge. Wenzake wawili waliogelea hadi nchi kavu. Odongo hakuonekana. Walimtafuta siku tisa, kisha wazee wakafanya inavyofanywa mtu anapobaki majini: badala ya mwili walizika tunda la yago, refu na zito kama mkono wa mtu, wakiwa wamelivika shati lake la bluu. Adero alilimwagia tunda udongo, akarudi Kisumu, na hakugusa samaki tena.

"Samaki wamemla mwanangu," alisema. "Nikimla samaki, nitakuwa nimemla nani?"

Kisha akaacha kuku na mayai, maana chakula cha kuku huchanganywa na omena, wale dagaa wa ziwani. Akaacha nyama na maziwa, maana ng'ombe wa huko hunywa ziwa.

"Na sukuma wiki je?" Mzee alimchokoza siku moja, kwa ule utundu wake usiojua msiba. "Inanyeshewa na mvua. Na mvua inatoka wapi kama si ziwani?"

Adero aliivuta sahani yake karibu. "Baba, usinimalizie chakula."

Akabaki na ugali na sukuma, basi. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana, miguu ikavimba, ngazi za nyumba yao ya kupanga zikamshinda. Ndipo Jentrix, muuguzi wa mlango wa pili, alipomkalisha Mzee chini.

"Msimlazimishe samaki. Protini iko kwenye maharagwe, ndengu, kunde, njugu, soya, simsim. Ale hivyo kila siku na ashibe, pamoja na ugali wake. Vidonge vya ile vitamini ambayo mimea haina nitamletea mimi. Atapata nguvu, Mzee."

Mzee aliitikia kwa kichwa, ila moyoni hakuamini hata chembe. Miaka thelathini aliendesha lori la omena kutoka Usenge. Kwake yeye njugu zilikuwa za kutafuna ukingoja pancha izibwe. Mtu wa ziwa apone kwa kunde?

Na kulikuwa na jambo lingine, ambalo hakumwambia yeyote. Odongo alikua akimsikiliza yeye. Kila likizo, babu alimsimulia habari za samaki mbuta mkubwa kama basi, na wavuvi waliopasua samaki wakakuta dhahabu tumboni. Kijana akaacha kazi nzuri ya duka la simu, akaenda kulitafuta ziwa la babu yake. Ziwa hilo halikuwapo. Mzee hakuwa tayari kumzika mama yake pia.

Kwa hiyo kule sokoni Kibuye, kwenye mashine ya kusaga ya Nangila, alitoa wimbi, akatoa soya na njugu, halafu akachomoa mfuko wa omena ndani ya koti. "Saga laini kabisa, mama. Na tangawizi utie nyingi." Nangila hakuuliza kitu. Wamama wengi wa Kisumu husagia watoto wao unga namna hiyo hiyo.

Adero akawa anakunywa, kila bakuli na hadithi yake. Mchana anakula kunde au ndengu, asubuhi na jioni uji. Wiki ya sita akapanda ngazi bila kushika ukuta. Jumamosi moja alijifunga leso, akasema, "Leo nitaenda kusaga mwenyewe, Baba. Pumzika."

"Jua hili? Halafu mashine imeharibika. Halafu Nangila mwenyewe ameolewa Uganda."

Adero alitabasamu, mara ya kwanza tangu mazishi, akatoka.

Mzee alimfuata mbio alivyoweza. Alifika Kibuye pumzi ikimkatika, akamkuta Nangila amemshika Adero mikono yote miwili.

"Kumbe ndiye wewe wa uji wa Mzee! Yawa, umependeza! Omena umebeba, ama nikupimie? Hii ni ya Usenge, ya juzi tu."

Adero aliinua dumu la maji lililokuwa kando ya mashine, akasukutua, akatema. Akasukutua tena, na tena, mpaka dumu likaisha, na bado akawa anatema mate makavu.

"Wiki ngapi, Baba?"

Mzee alifungua kinywa. Hadithi tatu zilikuwa tayari. Hakuna iliyotoka.

"Sita."

"Kila bakuli?"

"Kila bakuli. Nilidhani utakufa, nyathina, mwanangu."

"Na ulijua imetoka wapi."

"Nilijua."

Jioni hiyo Jentrix alisikia yote. "Kunde na ndengu za mchana zingetosha, Mzee, na uji wa soya na njugu juu yake." Hakusema kwa ukali, na hapo ndipo palipomuuma.

Siku mbili Adero hakutia kitu kinywani. Siku ya tatu alifungua mlango wa chumba, akataja malipo. Mzee atakula anachokula yeye, sufuria moja, na atatangulia kuonja. Samaki hapana, nyama hapana, hata akienda Usenge. Na mezani asisimulie kitu.

"Hadi lini?"

"Hadi nikuamini."

Sasa kila asubuhi Mzee anachambua ndengu kwenye ungo, anatoa mawe, anaziloweka, anachemsha. Anakula kwanza. Adero anaangalia koo lake likimeza, ndipo naye anaanza. Jumapili moja, baada ya kanisa, Mzee aliweka kijiko chini.

"Odongo alienda ziwani kwa sababu yangu. Yale ya mbuta na dhahabu nilitunga."

Adero aliendelea kutafuna.

"Najua, Baba," alisema. "Kula. Ndengu zinapoa."