Asrat Asubiri Cheti

Jumatano saa nne asubuhi, Yeshimebet, karani wa wizara, alikuwa akibandua jina la waziri wa zamani mlangoni, Asrat mdogo wake alipoingia ofisini. Jeshi lilikuwa limemkamata uwanjani akicheza mpira, likampeleka vitani.

"Umekonda," Yeshimebet alimwambia.

"Nimekufa, dada. Tangu mwaka jana, kule vitani Massawa. Nipatie cheti cha kifo, mama anilie."

Mama yao hakuwa amevaa nguo nyeusi za msiba hata siku moja. Kila alipouliza, serikali ilimjibu kwamba mwanawe yuko kazini, mzima.

Yeshimebet alimpeleka kwa mkurugenzi mpya, Ato Mekuria, yaani Bwana Mekuria kwa Kiamhara. Rais alikuwa amekimbia jana yake, na ukutani, palipokuwa na picha yake, ilibaki misumari mitupu. Ato Mekuria alikuwa kwenye simu. "Ndiyo, hapa serikalini," alisema. "Nadhani."

Kisha akamtazama Asrat. "Pole, kijana. Lakini wewe ulifia serikali iliyopita. Sisi tuna siku moja tu, hatujawa na wafu."

"Basi niende kwa hiyo iliyopita?"

"Imeshapanda ndege."

Asrat hakutaka mama amwone bila karatasi. Alikaa kwenye benchi la wageni siku sita, mchanga wa Massawa ukimwagika kutoka viatuni, na mfagizi akiuzoa kila asubuhi.

Jumanne vifaru vya waasi viliingia Addis Ababa. Ato Mekuria aliambiwa aende nyumbani, akauliza nani amesema, na hakuna aliyejua. Alasiri kiti chake kilikaliwa na mpiganaji mwenye nywele timutimu na kandambili.

"Ulipigana upande gani?" alimuuliza Asrat.

"Walikonipeleka."

"Basi ulikuwa adui. Wafu wa adui huandikwa na adui."

"Yuko wapi?"

"Hayupo tena. Tumeshinda."

Yeshimebet akamshika mdogo wake mkono, wakaenda nyumbani. Mama aliupapasa uso wa Asrat, akaukuta baridi, akasogeza jiko la kahawa karibu naye.

"Mmepewa karatasi?"

"Hatukupewa, mama," alisema Yeshimebet.

"Basi hajafa. Kaa, mwanangu, ule."

Alimmegea mkate wa injera, akamlisha kwa mkono wake. Asrat alitafuna, asiweze kumeza. Majirani walikuja kumpongeza mama, wakampa Asrat mkono mmoja mmoja, na kila aliyempa mkono alikwenda kuota moto. Yeshimebet alitaka kulia, ila hakujua kama inaruhusiwa.