Kitasa cha Mdogo Wangu

Mimi ni fundi wa kufuli, na kwa miaka tisa mlango ulioniudhi kuliko yote ni wa mdogo wangu. Mumewe aliaga asubuhi kwamba anakwenda kutafuta kazi, akaenda moja kwa moja. Si barua, si simu. Nilipotaka kubadilisha kitasa, mdogo wangu alinikataza. "Akirudi ataingiaje, kaka?" Shemeji yule simpendi, na sifichi.

Kisha mwoka mikate wa mtaa wa pili akaleta posa. Mdogo wangu alimpenda, ila hakujua kama yeye ni mke wa mtu au mjane. Tukaenda kwa mchungaji.

Mchungaji alifungua Biblia, Kumbukumbu la Torati, sura ya kumi na saba. Akatueleza kwamba jambo likiwashinda watu nyumbani, hulipeleka kwa makuhani na kwa mwamuzi, na hao wakishaamua, hakuna kwenda kulia wala kushoto.

"Kwa hiyo jibu hamchagui," akasema. "Hakimu akitamka kwamba mume amekufa, nitafungisha ndoa. Akikataa, mtasubiri. Mmekubali?"

Nilitaka kubisha. Wengi wetu tunaomba ushauri kama tunavyonunua viatu, tunajaribu mpaka tupate vinavyotutosha. Lakini mdogo wangu alishajibu, "Nimekubali."

Hakimu, mama asiyetabasamu, aliagiza tangazo gazetini na miezi mitatu ya kungoja. Miezi hiyo mwoka mikate aliunguza mikate hadi wateja wakamwonea huruma. Hakuna aliyejitokeza na habari za shemeji.

Siku ya kesi niliapa kwa Biblia, nikiwa shahidi. Hakimu akaniuliza, "Bwana huyu angerudi, ufunguo wake ungefungua mlango?"

Miaka minne nyuma mdogo wangu aliniletea kitasa kile kwa sababu kilikuwa kinakwama. Nilikitengeneza, lakini kwa hasira zangu nikabadilisha vyuma vya ndani, nikampa ufunguo mpya na kumwambia ule wa zamani umelika. Sikumwambia mtu yeyote ukweli.

"Usingefungua, mheshimiwa," nikasema, nikaeleza yote. Sikuthubutu kumtazama mdogo wangu. Niliogopa nimemharibia kesi, na undugu pia.

Hakimu aliwauliza majirani kama kuna mtu aliyewahi kubisha hodi akimtafuta mkewe. Hakuna. Akaandika kwa muda mrefu, kisha akatamka kwamba kisheria mume yule anahesabiwa amekufa.

Nje, kwenye ngazi, nilimshika mkono. "Nisamehe, mdogo wangu. Nilimfungia mlango bila kukuuliza."

Akafungua pochi, akatoa ufunguo wenye kutu. "Huu ni wake wa akiba. Siku uliyonirudishia kitasa niliujaribu. Ukagoma."

"Ulijua? Miaka yote minne? Mbona hukunigombeza?"

"Siku ile nililala fofofo, kaka. Mara ya kwanza tangu aondoke. Nikaona haya kujiambia kwamba nimemaliza kumngoja. Nilitaka mtu mwenye mamlaka aniambie."

Akaanza kulia, nami nikalia naye palepale, mbele ya makarani waliokuwa wakienda kula. Alipotulia, aliniwekea ufunguo ule kiganjani.

"Huu utupe," akasema. "Halafu nichongee mmoja wa mwoka mikate."